Tuseme mkokoto, si ukinzani

Muhula uliopita promosyo yetu ilipewa zoezi la tafsiri. Kifungu kilikuwa kifupi, mistari kumi hivi ya kitabu cha fizikia cha Kifaransa, kikieleza habari ya mtumbwi unaopita majini. Neno moja lilitukwamisha sote: « traînée », yaani ile nguvu ambayo maji humrudishia kila kinachopita ndani yake. Karatasi ziliporudi tulikuta majibu manne: ukinzani, upinzani, msuguano, na mwenzetu mmoja aliyeandika « uzito wa maji ». Mwalimu alisahihisha kwa kutoa alama kwa ukinzani, kisha tukaendelea na kifungu kingine. Mimi ni mmoja wa walioandika ukinzani. Nilipata alama yangu, na leo nachukua kalamu kusema kwamba sikuistahili.

Hoja yangu ni hii: katika Kiswahili cha sayansi, nguvu hiyo iitwe mkokoto. Ukinzani ni neno zuri, lakini hutufanya tutazame mahali pasipofaa. Hutazama mtumbwi: mtumbwi unataka kwenda, kitu fulani kinakataa. Mkokoto hutazama maji: mtumbwi unapita, na maji yanasukumwa, yanavutwa, yanatikiswa. Ni tukio moja likitazamwa kutoka ncha mbili, kama Newton alivyofundisha: kadiri maji yanavyousukuma mtumbwi nyuma, ndivyo mtumbwi unavyoyasukuma maji mbele. Lakini anayetaka kujua nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani hawezi kujibiwa na mtumbwi peke yake. Lazima aulize maji yamefanywa nini.

Katika maji yaliyo sawa kutoka juu hadi chini, tofauti ya maneno haya haisumbui sana. Maji husugua ubavu wa mtumbwi. Hujikusanya mbele na kuzunguka ovyo nyuma. Juu ya uso hutokea mawimbi yanayofunguka kwa pande mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inayokurudisha huongezeka karibu mara nne, jambo ambalo mikono ya mpiga kasia inalijua bila kitabu. Hapo unaweza kusema ukinzani na mambo yakaeleweka.

Shida ni kwamba maji mengi ya dunia hayako sawa kutoka juu hadi chini. Yamepangwa kwa tabaka, mepesi juu, mazito chini, kwa sababu ya joto, chumvi au gesi iliyoyeyuka ndani yake. Tena maji yote yamo juu ya dunia inayozunguka. Mambo hayo mawili, tabaka na mzunguko, hubadilisha kabisa jibu la swali letu.

Tuanze na tabaka. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen, mpelelezi wa Norway, alikuwa akipita na meli yake Fram kando ya pwani ya kaskazini ya Siberia. Bahari ilikuwa shwari, injini ilikuwa ikifanya kazi, lakini meli ilikuwa ikitambaa kwa sehemu ndogo tu ya kasi yake ya kawaida. Juu ya uso hapakuonekana kizuizi chochote. Nansen aliandika kwamba ilionekana kana kwamba meli inavuta bahari yote pamoja nayo. Mabaharia wa nchi yake walikuwa na neno kwa hali hiyo tangu zamani: dødvann, maana yake maji mafu.

Baada ya kurudi nyumbani Nansen alimpelekea swali hilo Vilhelm Bjerknes. Bjerknes akafikiri kwamba chanzo ni maji matamu ya mito na ya barafu iliyoyeyuka, yanayolala juu ya maji ya chumvi. Mwanafunzi wake, Vagn Walfrid Ekman, akajaza tangi kwa maji ya tabaka mbili, akavuta ndani yake vielelezo vidogo vya meli, na mwaka 1904 akatoa jibu. Meli inayokwenda polepole huamsha mawimbi makubwa, lakini si juu ya uso: ni kwenye mpaka kati ya tabaka ya juu na ya chini. Nguvu ya injini inaishia humo. Nahodha anatazama bahari tulivu, huku chini ya miguu yake maji yanapanda na kushuka.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua maji matamu ya kina cha mita 2 yakiwa juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi kwa asilimia 2.5. Wimbi refu la mpaka huo haliwezi kwenda zaidi ya mita 0.7 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 2.5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Meli inayokaribia kasi hiyo kutoka chini hunaswa, kwa sababu kila nguvu anayoongeza nahodha inakuza wimbi badala ya kuisukuma meli. Meli inayoweza kuivuka kasi hiyo huliacha wimbi nyuma, na mzigo wake hupungua. Je, kizuizi gani hiki kinachopungua mtu akikishambulia kwa kasi zaidi? Neno ukinzani linalifanya jambo hili kuwa fumbo. Neno mkokoto linalieleza: kwa kasi ndogo meli inakokota wimbi lililojificha, kwa kasi kubwa wimbi linashindwa kuifuata.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, na unatokea katika kila ziwa. Chembe ya jani lililooza inazama polepole. Inapotoka tabaka nyepesi na kuingia tabaka nzito, haiingii peke yake. Imevaa maji mepesi ya juu, inayashusha pamoja nayo. Maji hayo, yakiwa ugenini, yanataka kurudi juu, na yanaivuta chembe nyuma. Kwa hiyo chembe hupunguza mwendo kuliko msuguano peke yake ungeweza kueleza. Nyingine hukawia mpakani kama wasafiri kwenye kizuizi cha barabarani, mpaka maji mepesi yabanduke. Hapa mkokoto si mfano wa maneno tu. Chembe inakokota maji kweli, na maji yale yale ndiyo yanayoichelewesha.

Sasa mzunguko. Joseph Proudman alionyesha kwa hesabu mwaka 1916, na G. I. Taylor akathibitisha huko Cambridge mnamo 1923 kwa tangi linalozunguka, jambo ambalo macho yanakataa kuamini. Taylor aliweka kitu kifupi kwenye sakafu ya tangi, akakisogeza polepole sana. Akatia rangi kwenye maji yaliyo juu ya kitu hicho, mbali na sakafu. Ile rangi ilizunguka pembeni kana kwamba kitu kile kina nguzo iliyosimama juu yake hadi usoni, ingawa palikuwa na maji matupu. Katika maji yanayozunguka kwa kasi ya kutosha, kitu kidogo hukokota nguzo nzima ya maji juu yake. Mzigo wake haupimwi kwa ukubwa wake.

Na tabaka zikikutana na mzunguko? Zinashindana. Mzunguko unataka kuinua nguzo hadi juu, tabaka zinaikata, kwa sababu kila kipande cha maji kinataka kubaki katika ngazi yake. Urefu wa nguzo inayobaki unategemea nani ana nguvu zaidi, na hapo ndipo mahali tunapoishi panapoingia katika hesabu. Mzunguko wa dunia, kwa jinsi unavyoyagusa maji, ni mkubwa kwenye ncha za dunia na ni sifuri kwenye ikweta. Ziwa Kivu liko karibu na nyuzi 2 kusini. Hapo athari hiyo ni ndogo takriban mara 25 kuliko kwenye nyuzi 60 kaskazini. Chukua maji ambayo tone lake likisukumwa hupanda na kushuka kwa dakika 10 hivi, na kitu chenye upana wa kilomita 1. Kwenye nyuzi 60, nguzo itasimama kiasi cha mita 12. Kwenye nyuzi 2, ni nusu mita tu.

Maana yake ni kwamba kwetu tabaka ndizo zinazotawala. Vitabu tunavyotafsiri vimeandikwa na watu wa bahari za kaskazini, ambako mzunguko hauwezi kusahauliwa. Sisi tukitengeneza istilahi kwa kufuata vitabu hivyo tu, tutakuwa na maneno mazuri kwa bahari ya Nansen na kubabaika mbele ya ziwa letu wenyewe.

Na ziwa letu si la kubabaikia. Kivu lina kina cha karibu mita 485. Maji ya juu huchanganyika hadi mita 60 hivi wakati wa kiangazi, na sambaza huishi humo, kwa sababu chini zaidi hakuna oksijeni. Kilindini maji ni ya joto zaidi na yana chumvi, na yamebeba gesi ya kaboni kiasi cha kilomita za ujazo 300, na metani kiasi cha 60, kama zingetolewa na kupimwa katika hali ya kawaida ya hewa. Mpaka mkubwa kati ya tabaka uko karibu mita 260 chini. Gesi inabaki imeyeyuka kwa sababu ya mgandamizo wa maji yaliyo juu yake, na maji ya chini yanabaki chini kwa sababu ni mazito. Tunajua kinachotokea mpangilio kama huo unapopinduka: tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana kuliko letu, lilitoa gesi ya kaboni iliyoua watu wapatao 1,700.

Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, mjomba wangu anayevua sambaza aliniuliza swali kwenye simu. « Mwipwa, wewe uliye shuleni, nieleze. Mawe yakianguka ziwani, au injini zetu zikitikisa maji usiku kucha, haziwezi kuifungua ile gesi? » Niliwahi kusoma makala mawili ya Kifaransa kuhusu ziwa. Nilikuwa na « stratification », nilikuwa na « traînée ». Kwa Kiswahili nilisema: « Hapana, mjomba, maji yana ukinzani. » Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: « Ukinzani dhidi ya nani? »

Hakuwa anafanya mzaha. Aliuliza swali la fizikia, na neno langu halikuwa na jibu ndani yake. Leo ningemjibu hivi: jiwe likizama hukokota maji ya juu kuyashusha. Maji hayo ni mepesi kuliko yale yaliyoyazunguka, kwa hiyo hurudi kwao. Kutikisika kote kunaishia katika mawimbi madogo ndani ya ziwa, na tabaka zinajipanga tena. Injini ya mtumbwi inafanya kazi mita moja au mbili chini ya uso, na mpaka mkubwa uko mita 260. Ili gesi itoke, lazima kitu fulani kiyanyanyue maji mazito ya kilindi mamia ya mita, mpaka mgandamizo upungue kiasi cha gesi kufanya mapovu, na safari hiyo yote ni ya kukokota mzigo unaotaka kurudi chini. Hata Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani kupitia Goma, tabaka za gesi hazikupinduka. Hilo halisemi kwamba ziwa ni salama milele: wataalamu wanaogopa mlipuko mkubwa chini ya ziwa lenyewe, wenye nguvu ya kuinua mzigo huo. Lakini linamwambia mvuvi kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa. Usiku ule wa uvumi mwingi, kujua tofauti hiyo kulikuwa na thamani kuliko blanketi.

Nazijua pingamizi tatu, na ninaziheshimu.

Ya kwanza inasema: fizikia inafundishwa kwa Kifaransa, nani atauliza mtihani wa mkokoto? Ni kweli, mtihani ni wa Kifaransa. Lakini swali la mjomba lilikuwa la Kiswahili, na lilikuja kabla ya mtihani wowote. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa isiyoweza kumweleza mvuvi ziwa analovulia imepewa cheo bila kazi.

Ya pili inasema: ukinzani umekwisha kuzoeleka, tusivuruge. Najibu kwamba ukinzani una kazi yake katika umeme, na huko unafaa sana. Kulipa neno moja kazi mbili mahali ambapo lugha ina neno jingine ni uvivu wa mtafsiri. Na « msuguano » nao una kazi yake: ni sehemu moja tu ya mkokoto, na katika maji mafu ni sehemu ndogo.

Ya tatu ndiyo nzito. Inasema mkokoto utadanganya: msikilizaji atadhani ni nguvu inayouvuta mtumbwi kwenda mbele, tena neno lenyewe linasikika kama kokoto za mjenzi. Kuhusu kokoto sina wasiwasi, sentensi itatenganisha, kama inavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini. Kuhusu mwelekeo, pingamizi ni la kweli, na dawa yake ni kufafanua neno mara ya kwanza linapotumiwa: mkokoto ni mzigo ambao kitu hubebeshwa na maji kinayoyakokota. Kifaransa nacho kiliikubali hatari hiyo hiyo. « Traînée » ni kuburuta na pia ni alama inayobaki nyuma ya kilichoburutwa. Mkokoto wa Kiswahili una maana hizo mbili pia: tendo la kukokota, na mfuo unaobaki mchangani. Alama hiyo ndiyo Ekman aliyoitafuta kwenye tangi lake, na ndiyo iliyomwonyesha nguvu ya injini ilikokwenda.

Kuna jambo jingine katika habari ya Ekman ambalo kitivo chetu kisilipite. Alipoandika kazi yake kwa Kiingereza hakutunga jina la Kigiriki. Alilitafsiri neno la mabaharia, maji mafu, akalifanya kichwa cha kazi, na hadi leo wanasayansi wanasema hivyo. Nasi tunao mfano nyumbani. Kandokando ya Goma, mashimo na mabonde ambamo gesi ya kaboni hujikusanya na kuua mbuzi, na mara nyingine watu, huitwa mazuku. Wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wamelichukua neno hilo kama lilivyo, wanaliandika katika majarida yao. Mara nyingi huongeza tafsiri kwamba maana yake ni upepo mbaya, ingawa sisi tunaosema lugha hii hatuuoni upepo popote ndani ya neno mazuku. Wao walifika Goma wakalichukua neno. Kulieleza kulikuwa kazi yetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kazi za mwisho wa masomo zipeleke wanafunzi kwa wavuvi wa Kivu na Tanganyika kukusanya maneno yao: wanaitaje maji ya juu na ya chini, wanasemaje wavu unapokwenda upande huu na mtumbwi upande ule, wanaitaje ziwa linapokataa kasia. Pili, kila istilahi tunayopendekeza ipelekwe kwa wenzetu wa fizikia, ijaribiwe kwa mfano mgumu kabla ya mfano rahisi. Neno la nguvu hii lijaribiwe kwa maji ya tabaka, si kwa beseni. Tatu, walimu wetu watakaposahihisha zoezi kama lile la muhula uliopita, watuulize kwa nini tumechagua neno kabla ya kutupa alama.

Anayeona nimekosea ana nafasi katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha. Namwomba tu alijaribu neno lake kwanza kwa mvuvi mmoja, na atuletee swali atakaloulizwa.